Hodi Moja, Milango Mitano

Ninyi mlioko jikoni, mlioko safarini, na wewe uliyeegesha redio dirishani ukiwasubiri wenzako warudi, karibuni tena katika kipindi chetu cha afya. Leo sina mgeni studioni. Niko peke yangu na chupa yangu ya maji, na ningependa tuanze kwa kuchokozana kidogo.

Fumba macho. Dereva usifumbe, wewe sikiliza tu. Fikiria embe bichi, ganda lingali la kijani, limekatwa vipande virefu, kila kipande kimechovywa kwenye chumvi iliyochanganywa na pilipili ya kusaga. Umekiinua kipande cha kwanza. Uchachu wake umekufikia puani kabla hujakitia mdomoni.

Haya, umemeza mate au hukumeza?

Umemeza. Na mimi sijakugusa, wala embe lenyewe halipo. Yaliyoingia ni maneno tu. Ubongo umelitambua embe, na kabla sijamaliza kusema, tezi zilizo chini ya ulimi na kando ya mashavu zimefungulia maji. Nani kazipelekea habari hizo? Na habari ilipofika kwenye tezi, ilipokewa na nani? Swali hilo la pili ndilo letu la leo. Ilipokewa na nani? Wataalamu wanawaita wapokeaji hao vipokezi vya muskarini. Jina ni zito, najua. Usizime redio, tutautua mzigo huo taratibu.

Kutoka kwenye ubongo hadi kwenye tezi ya mate kuna neva, au mshipa wa fahamu kama wengi tunavyosema. Ndani ya neva habari husafiri kama umeme. Lakini neva haijaungana na tezi. Inaishia karibu kabisa, halafu inaacha upenyo mwembamba usioonekana kwa macho, na umeme ule hauvuki upenyo huo. Basi ncha ya neva inamwaga kemikali. Kemikali hiyo inaitwa asetilikolini. Inavuka ule upenyo, inafika kwenye ukuta wa seli ya tezi, na pale inapiga hodi.

Neno hodi sikulichagua ovyo. Kwetu mgeni mwenye adabu haingii tu. Anasimama kizingitini, anaita, mwenyeji anaitika kutoka ndani. Asetilikolini ni mgeni wa namna hiyo, tena huyu amezidi adabu, maana ndani haingii kabisa. Narudia kwa sababu hapa ndipo wengi huteleza: asetilikolini haiingii ndani ya seli inayoisemesha. Inaishia nje, inamshika mkono bawabu, kisha bawabu ndiye anayepeleka habari ndani.

Bawabu huyo ndiye kipokezi chetu. Ni protini iliyoshonwa kwenye ukuta wa seli. Umewahi kumtazama mshona mikeka akiunganisha ukili? Sindano inazama upande huu, inaibukia upande ule, inarudi. Uzi wa protini hii umepenya ukuta wa seli mara saba kwa mtindo huo. Upande wa nje umebaki na kishimo kinachomtosha mgeni wetu. Mgeni akikaa kishimoni, protini yote inajipinda kidogo, na upande wa ndani unamgutusha tarishi aliyekuwa amesinzia karibu. Tarishi huyo wanamwita protini G. Akishaguswa, anaondoka kwenda kuamsha wengine, nao wanaamsha wengine. Kwa hiyo hodi moja nje inaweza kuleta pilikapilika kubwa ndani.

Asetilikolini ina bawabu mwingine pia, na huyo hana tarishi. Yeye mwenyewe ndiye mlango. Akiguswa anafunguka palepale, chembe za chumvi zenye umeme zinaingia, msuli unaruka. Yote hayo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ndiye anayekuwezesha kumpiga mbu shavuni. Huyo ni kipokezi cha nikotini, leo tunampita. Wetu wa muskarini ni mtu wa taratibu, lakini kazi yake inadumu na inaenea. Mbu anahitaji haraka. Kusaga pilau ya jana hakuhitaji haraka.

Sasa, kwa nini muskarini? Kwani mwilini mwetu tuna kitu hicho? Hatuna, na nikotini vilevile hatuitengenezi. Huko Ulaya kuna uyoga mwenye kofia nyekundu yenye madoa meupe, ule unaochorwa kwenye vitabu vya watoto. Zamani waliuloweka kwenye maziwa ili kuua nzi, na jina lake la Kilatini, Amanita muscaria, limetokana na nzi hao. Mwaka 1869 Oswald Schmiedeberg na mwenzake Richard Koppe walitenga kutoka kwenye uyoga huo sumu wakaiita muskarini. Ukimpa chura, moyo wake unapungua mwendo hadi kusimama. Baadaye, mwaka 1914, Mwingereza Henry Dale akaonyesha kwamba asetilikolini ina tabia mbili, moja inafanana na ya sumu ya uyoga, nyingine inafanana na ya nikotini ya tumbaku. Majina yakakaa hivyo hivyo. Ni kama mlango wa nyumba yako kuitwa kwa jina la mwizi wa kwanza aliyeweza kuufungua. Kichekesho ni kwamba uyoga wenyewe una muskarini kidogo mno, kuna uyoga mwingine mnyonge wa sura wenye nyingi kuliko huo.

Wakati huo wataalamu walikuwa bado wanabishana. Wengine walishikilia kwamba neva inarusha cheche ya umeme hadi kwenye moyo. Wengine walisema hapana, inatoa kemikali. Ubishi huo ulikatwa na mioyo miwili ya vyura. Otto Loewi, mtafiti wa mjini Graz, Austria, alisimulia mwenyewe kwamba usiku mmoja wa Pasaka aliota jaribio zima. Akaamka, akaandika kwenye kikaratasi, akalala tena. Asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake! Siku nzima akahangaika. Usiku uliofuata, saa tisa, ndoto ikarudi. Safari hii hakulala, alikwenda moja kwa moja maabara.

Alichukua moyo wa chura pamoja na neva yake, akauweka kwenye maji yenye chumvi, ukaendelea kudunda. Akaisisimua neva, moyo ukapunguza mwendo. Akayachukua yale maji akayamimina kwenye moyo wa chura wa pili, moyo uliokatwa neva zote. Nao ukapunguza mwendo. Hapakuwa na waya wala neva kati ya mioyo hiyo miwili, palikuwa na maji tu. Kwa hiyo neva ilikuwa imetia kitu kwenye maji. Hayo aliyachapisha mwaka 1921, na mwaka 1936 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Miaka miwili baadaye Wanazi wakaichukua Austria, wakamtia ndani kwa kuwa ni Myahudi, na hawakumwacha aondoke mpaka alipowakabidhi fedha za tuzo ile. Hilo halihusiani na mate yako, najua, lakini kila nikimtaja Loewi siwezi kulipita.

Turudi kwako. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Unasikia? Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupata mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Sasa sikiliza hili. Moyo ukiachwa wenyewe, bila neva yoyote kuusemesha, hudunda mara 100 hivi kwa dakika. Kwa hiyo kama wako unapiga 70, kuna mtu amekanyaga breki. Aliyekanyaga ni neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni hadi kifuani na tumboni. Inamwaga asetilikolini pale pigo la moyo linapoanzia, bawabu anaguswa, tarishi anafungua vijilango vya potasiamu, potasiamu inatoka, na seli inachelewa kufyatua pigo linalofuata. Moyo unapoa.

Neva hiyohiyo ya vagasi inafika tumboni, inamwaga kemikali ileile. Je, tumbo nalo linapoa? La hasha! Tumbo linachapa kazi. Utumbo unajikaza na kusukuma chakula, tezi zinatoa majimaji. Hodi ni ileile, mgeni ni yuleyule, moyo unaambiwa "polepole", utumbo unaambiwa "kazi!" Inawezekanaje?

Inawezekana kwa sababu maana haiko kwa mgeni. Iko kwa bawabu. Mabawabu wa muskarini wako wa aina tano, na wataalamu, watu wasio na mbwembwe, wamewapa namba: M1 hadi M5. Anayetawala moyoni ni M2, na tarishi wake ni wa kutuliza. Kwenye tezi, kwenye jicho na kwenye misuli ya utumbo na kibofu, bwana mkubwa ni M3. Tarishi wa M3 anakwenda kufungua ghala la kalsiamu lililo ndani ya seli. Kalsiamu ikimwagika, msuli unajikaza na tezi inatoa maji. Yale mate ya embe yalipita kwa M3. Wale wengine watatu tunao zaidi kichwani, katika kumbukumbu na fikra, na wawili kati yao nitawarudia mwishoni. M5 ni wachache kuliko wote, tumwache apumzike.

Kama mlango una bawabu, basi yupo pia mkorofi wa kumziba. Huyu haji kupiga hodi. Anakuja kukaa kizingitini, haingii wala haondoki, na mgeni halali akija hapati pa kusimama. Bingwa wao anaitwa atropini. Imetoka kwenye mmea wa Ulaya, belladonna, maana yake kwa Kiitalia mwanamke mzuri, kwani wanawake wa huko walikuwa wakidondoshea maji yake machoni ili mboni zipanuke wapendeze. Sisi tunao binamu yake hapa, yule mmea wa majalalani wenye maua meupe kama tarumbeta na matunda yenye miiba. Mwambao wengine wanauita mnanaha. Una sumu za ukoo huohuo. Ukiwaona watoto wanauchezea, wanyang'anye.

Hayo ya mboni nimeyaonja mwenyewe. Mwaka juzi nilikwenda kupima macho, nikatiwa matone, nikaambiwa nisubiri nusu saa. Baada ya kupimwa nikatoka nje saa saba mchana. Jamani! Jua lilikuwa kama limeshushwa hadi usawa wa paa. Mboni zangu zilikuwa wazi kabisa, maana msuli unaozibana ni wa M3 na matone yalikuwa yamemziba bawabu wake. Simu ikaita mlio wa ujumbe. Nikaitazama, nikaisogeza, nikainyoosha mkono mzima, wapi! Msuli wa kulenga vitu vya karibu nao ni wa M3. Ikabidi nimwombe kijana mmoja pale kituo cha daladala anisomee. Akasoma kwa sauti, watu wote wakisikia, "Usisahau vitunguu, na usijifanye hukuona ujumbe." Jioni macho yalirudi. Kuna matone mengine yanayofanya kinyume, yanapiga hodi badala ya kuziba, yanabana mboni, nayo yamewasaidia wengi wenye presha ya macho.

Mzibaji akiwekwa mahali pake ni tiba nzuri. Mwenye pumu kali akiwekewa ipratropiamu kwenye mashine ya kuvutia dawa, mzibaji huyo anazuia hodi inayobana njia za hewa. Mwenye tumbo la kusokota anapewa haiosini, utumbo unalegea, anapumua. Tatizo ni kwamba mzibaji hajui anwani. Ukimeza kidonge kwa ajili ya utumbo, damu inakipeleka hadi kwenye tezi za mate, kwenye jicho, kwenye kibofu. Ndiyo maana mdomo unakauka. Si kwamba dawa ni mbovu au ya bandia. Imekuta bawabu wa aina ileile kwenye mlango mwingine, ikamziba naye.

Nina shangazi yangu mmoja, umri umepita miaka 70, ana kisukari. Zahanati walimwandikia amitriptilini kwa ajili ya miguu inayowaka moto usiku. Akapata mafua, akajinunulia vile vidonge vidogo vya njano vinavyoleta usingizi, klorfeniramini. Kisha tumbo likamsokota, jirani mwema akamgawia haiosini zake. Dawa tatu kutoka sehemu tatu, na kila moja ni dawa ya kweli kwa kazi yake.

Siku ya nne nikapigiwa simu. Shangazi hali ugali kwa sababu haushuki bila kuusukuma kwa maji. Choo hajapata tangu juzi. Mkojo unambana lakini hautoki. Na kibaya zaidi, jioni ile alikuwa ameketi kitandani akisema, "Karibu kaka, pita ndani," mlangoni hakuna mtu, na huyo kaka tulimzika zamani. Nilipofika, baadhi ya jamaa walikuwa wameshakubaliana kwamba wazee wamekuja kumchukua, mmoja ameshataja jina la mganga. Nikaomba mfuko wa dawa. Tukaumwaga kwenye mkeka. Amitriptilini inaziba bawabu wa muskarini. Klorfeniramini inaziba bawabu wa muskarini. Haiosini ndiyo kazi yake hasa. Mlango mmoja, wazibaji watatu, na hakuna aliyewahi kuwajumlisha! Hizo mbili za mwanzo zinaingia hadi kwenye ubongo, na ubongo wa mzee hauna akiba kubwa ya asetilikolini. Ukimziba bawabu mle, mtu anaanza kukaribisha wageni wasiokuwepo.

Usiku ule hospitali walimwekea mpira wa mkojo, wakasimamisha zile dawa. Siku ya tatu aliniuliza kwa nini nimekonda, nikajua amerudi. Sasa tafadhali, usisimamishe dawa ya mtu kwa sababu umenisikia redioni. Fanya hivi tu: chukua dawa zote za mzee wako, za hospitali, za dukani na za jirani, zitie kwenye mfuko mmoja, mpelekee mfamasia au daktari azione zote kwa pamoja. Zote kwa pamoja, narudia.

Nimezungumza juu ya mlango uliozibwa. Je, hodi ikikataa kuisha? Kwa kawaida kando ya bawabu kuna mfagiaji, kimeng'enya kinachoikata asetilikolini vipande mara tu inapomaliza kazi. Ni mchapakazi wa ajabu, mmoja anakata maelfu kwa sekunde moja. Bila yeye hodi ingeendelea bila kikomo.

Huko Calabar, Nigeria ya leo, Waefiki walikuwa na haragwe wakiliita esere. Mtuhumiwa wa uchawi alipewa alile. Akifa, alikuwa na hatia. Akitapika akapona, yu safi. Huku kwetu palikuwa na mwavi kwa kazi hiyohiyo, ingawa sumu ya mwavi ni ya aina nyingine. Wapo waliolieleza jambo la esere hivi: asiye na hatia anakula haraka bila woga, tumbo linashtuka, anatapika, mwenye hatia anatafuna kwa kusitasita na sumu inapata nafasi ya kuingia. Mimi maelezo hayo hayaniridhishi, maana asiye na hatia naye anaogopa kufa. Mwaka 1855 profesa mmoja wa Edinburgh, Robert Christison, alikula kipande cha haragwe hilo aone litamfanya nini. Mwili ulipoanza kumwisha nguvu, akanywa maji aliyokuwa amenyolea ndevu ili atapike. Alipona. Sumu ya esere inamfunga mikono mfagiaji wetu, na baadaye watengenezaji wa dawa za wadudu waliiga umbo lake wakapata kundi zima la kabameti. Kundi jingine, oganofosfeti, linafanya kazi hiyohiyo kwa ukali zaidi, na gesi ya sarini ni ndugu yao wa kijeshi.

Nilipokuwa tabibu kijana katika hospitali moja ya wilaya, aliletwa mpiga dawa wa nyanya, amebebwa kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Bomba la mgongoni lilikuwa linavuja tangu asubuhi, shati lote limelowa dawa, naye aliendelea na kazi ili amalize shamba. Sikuhitaji kuuliza maswali mengi. Mboni zake zilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Machozi, kamasi, mate ya povu, jasho la kuloanisha godoro. Amejikojolea, anatapika, anaharisha. Mapigo 44. Kifua kinakoroma kama mtungi wa kiko, maana tezi za mapafuni nazo zilikuwa zimefunguliwa. Hebu sikiliza orodha hiyo tena, macho, pua, mdomo, ngozi, kibofu, utumbo, moyo, mapafu. Ndiyo milango yetu yote ya muskarini, yote inapigiwa hodi kwa pamoja na hakuna wa kufagia.

Muuguzi mkuu wa zamu, mama mtu mzima aliyekuwa ameona wengi, alishamvua nguo na kumwogesha kwa sabuni kabla sijavaa glavu. Halafu akaleta atropini. Naam, ile sumu ya mwanamke mzuri. Mlango ukipigiwa hodi kupita kiasi, unamleta mzibaji. Tulichoma sindano, tukasubiri dakika tano, tukaongeza mara mbili, tukasubiri, tukaongeza mara mbili tena. Mimi nilikuwa nachungulia mboni. Yule mama akanivuta mkono. "Mwanangu, acha macho, sikiliza kifua." Alikuwa na haki. Katika sumu hii shabaha ni kifua kikauke na mapigo yapande, mboni zitafuata zenyewe. Hadi usiku wa manane ampuli tupu zilijaa kwenye bakuli lenye umbo la figo, likafuata la pili. Alfajiri akaanza kuchuma vitu hewani, anatoa sisimizi ambao hawapo kwenye shuka, ngozi kavu, ya moto. Tulikuwa tumevuka kidogo upande wa pili, tukapunguza.

Atropini haikumaliza yote. Misuli yake ya mapaja iliendelea kucheza chini ya ngozi kwa siku nzima, na hiyo ni milango ya nikotini, ambayo atropini haiwezi kuigusa. Wengine hufa kwa sababu hiyo, misuli ya kupumulia inachoka. Huyu alipona. Kwa hiyo wakulima wangu, bomba likivuja, acha kazi. Mtu akimwagikiwa, avuliwe nguo, aogeshwe kwa sabuni na maji mengi, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa ya dawa ili daktari asome jina. Maziwa si tiba yake. Msipoteze dakika kutafuta maziwa.

Nimeahidi kurudi kwa wale wa kichwani. Kwa takriban miaka 70 dawa karibu zote za skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti, zilikuwa zikiziba milango ya kemikali nyingine kabisa, dopamini. Septemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya njia mpya. Ndani yake kuna zanomelini, inayopiga hodi kwa M1 na M4 kwenye ubongo. Zanomelini ilikuwa inajulikana tangu miaka ya 1990, ikajaribiwa kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, lakini watu walitapika, wakaharisha, wakatoka jasho. Wewe uliyenifuata tangu mwanzo unajua sababu, hodi ilisikika hadi tumboni. Basi wakafanya ujanja. Wameichanganya na trospiamu, mzibaji wa siku nyingi anayetumika kwa watu wenye kibofu kisichotulia, na mzibaji huyu ana kasoro moja nzuri: kwenye ubongo haingii kwa urahisi. Kwa hiyo mgeni anapiga hodi kichwani, na huku chini mwenzake amekaa vizingitini ili tumbo lisisikie. Kasoro ya dawa moja imekuwa kazi yake katika nyingine, na mimi sioni haya kusema kwamba niliposoma habari hizo nilicheka peke yangu kama mtu aliyeona bao zuri. Wagonjwa wengine bado wanapata kichefuchefu, na mdomo wa wengine unakauka. Mizani hiyo haikai sawa kwa kila mtu.

Fundi mitambo ananionyesha kidole kimoja, maana yake imebaki dakika moja. Maswali yenu nitayapokea kama kawaida. Juma lijalo, panapo majaliwa, tutamgeukia yule bawabu wa haraka, wa nikotini, na tutaanza na mvuta sigara anayesema ataacha kesho. Mimi naenda kutafuta embe. Usiku mwema.